Orodha ya Jumamosi

Mwanangu alipiga simu kutoka Mwanza:
Mama, usitoke.
Sukari unayo, pumu unayo,
na umri nao unao.
Akanihesabia kama muuza duka anayehesabu chenji.
Nikamjibu, basi na mimi ni bidhaa,
niweke rafu ya vitu vinavyovunjika.

Tangu hapo, Jumamosi saa nne,
Nkwabi hugonga geti kwa ufunguo wa pikipiki,
mara mbili, kimya, mara moja.
Hutua boksi juu ya ndoo iliyopinduliwa,
hurudi nyuma hatua sita mpaka kwenye mpapai,
barakoa imemteremkia kidevuni.
Ipandishe, namwambia dirishani.
Anaipandisha. Akisema neno, inashuka.

Niliandika: unga wa dona, kilo tano.
Ameleta sembe.
Niliandika: sabuni ya mche, miwili.
Ameleta ya unga, yenye picha ya mwanamke anayecheka
kana kwamba kufua ni harusi.
Niliandika: dagaa wa Kigoma, wakavu, wasio na mchanga.
Hakuna, Bibi. Treni haijaleta.
Badala yake mayai sita,
moja limepata ufa kwenye tuta la Cheyo,
kalifunga peke yake kwa gazeti
kama mgonjwa aliyetengwa.

Asiyekwenda sokoni hachagui nyanya.
Zangu zinachaguliwa na kijana
ambaye hajawahi kuunga mchuzi,
anatazama rangi tu, habonyezi.

Na pesa, je?
Sarafu anazitumbukiza kwenye beseni la maji ya sabuni.
Noti nazisuuza, nazianika kambani kwa vibanio
kati ya kanga na soksi,
elfu mbili, elfu tano, zinachuruzika.
Mama Kalunde akachungulia juu ya ukuta:
We Nyamizi, umeanza kuanika mshahara?
Tulicheka, yeye kwake na mimi kwangu,
mpaka kifua kikanibana, nikapapasa pampu.
Jioni akajifukiza, mwarobaini na mchaichai,
mvuke ukavuka ukuta. Nikafunga dirisha.

Mwezi wa tano hakuchungulia.
Nilimsindikiza kwa macho tu,
kutoka hapa dirishani
mpaka kona ya mashine ya kusaga.
Vibanio vyake viwili bado viko kwenye kamba yangu.

Miaka ishirini na tisa nilikaa dirishani stesheni
nikikata tiketi: Urambo, Kaliua, Mpanda,
mikono ya watu ikiingia chini ya kioo,
mikono ya tumbaku, mikono ya wino,
wa kwenda mazishini na wa kwenda kuoa
wote wakiniambia, harakisha, dada.
Dirisha ni lilelile. Ila sasa
mkono unaonyooshwa ni wangu,
na safari sina.

Wiki iliyopita, nyuma ya fomu kuukuu ya mizigo,
chini ya chumvi, chini ya kiberiti,
nikaongeza mstari:
habari za sokoni, kiasi utakachopata.

Nkwabi aliusoma mara mbili.
Akajikuna juu ya helmeti, kama vile ingesaidia.
Kisha, akiwa palepale kwenye mpapai:
Asali ya Sikonge imeingia, Bibi, ile nyeusi.
Karanga mpya zimeshuka bei.
Fundi viatu alifunga kamba wateja wasimsogelee,
mbuzi wakaitafuna.
Yule kiziwi muuza visu kahamia upande wa kivuli.
Watu wachache. Wanasalimiana kwa viwiko.
Mama wa mchicha ameniuliza,
yule anayebonyeza nyanya zangu yuko wapi?

Nikageuza uso kidogo, nikajifanya nasoma risiti.
Halafu nikadai nyongeza,
maana sokoni hatuondoki bila nyongeza.

Akawaza. Akapandisha barakoa mwenyewe.
Wanasema treni imeonekana Malagarasi.

Nikachukua kalamu.
Dagaa, nikaandika tena. Wasio na mchanga.